Sayi Alale Nje

Somanda, Bariadi
Msimu wa pamba, 2006

Tarehe 5 Juni

Msimu umefunguliwa leo na mimi tayari umenitoka puani. Barabara yote ya hapa Somanda imejaa pamba iliyodondoka kutoka kwenye malori, imelowa oili, imeshikana na mavi ya ng'ombe, na upepo unaileta mpaka mlangoni kwangu. Nimefungua kompyuta kuisafisha nikakuta feni imejiviringishia pamba kama mto wa kulalia. Katikati yake kulikuwa na mjusi aliyekauka. Nimemtoa kwa bisibisi, na bisibisi yenyewe Constantine alikuwa ametoka kuchokolea meno.

Constantine ndiye bosi wangu. Ana kampuni ya kununua pamba. Tangu serikali ilipoachia biashara hii iende huria, kila mwenye lori ni mnunuzi, na kila mnunuzi anahitaji kelele za kuvuta wakulima. Kelele za Constantine ninazitengeneza mimi. Chumba cha nyuma cha ofisi yake amekifanya studio: kipaza sauti kimoja, magodoro yamepigiliwa ukutani, na kompyuta ya Linux aliyoinunua kwenye mradi uliofungwa. Ninarekodi wacheza ngoma, yeye anafunga spika juu ya pikapu lake la bluu na kwenda nazo vituoni, ili mkulima asogee kwenye mzani wake na si wa jirani. Mlangoni ameandika: Wilhelmina, Fundi Mitambo. Nafuta na vumbi, lakini hilo hakuliandika.

Tarehe 8 Juni

Hakuna umeme. Mgao.

Tarehe 12 Juni

Leo nimemrekodi Masunga. Yeye ni manju wa Wagika, mtunzi na mwimbaji wao mkuu. Kwetu Usukumani kila baada ya mavuno wacheza ngoma hugawanyika pande mbili, Wagika na Wagalu. Wanacheza siku moja, uwanja mmoja, upande huu na upande ule, na anayevuta watu wengi ndiye mshindi. Kila upande una dawa zake na kila manju ana matusi yake.

Masunga ana sauti nzuri na tabia mbaya. Anakula ugoro na kutema popote. Nilimwekea kopo, akalitazama kama mtu aliyeletewa chakula asichokijua, kisha akatema pembeni, kwenye godoro. Nimelifuta mara tatu na bado linanuka.

Jambo moja kwake linanishangaza. Jumapili kwenye ngoma, kila alipopumzika alivuka kwenda upande wa mpinzani wake Sayi, akasimama mbele kabisa, mikono nyuma, hachezi, hacheki, anasikiliza tu kama nzi kwenye kidonda. Nimemwuliza anatafuta nini kule.

"Ananitukana, mayu," amesema, kwa maana ya mama. "Nitamjibuje kama sijamsikia neno kwa neno?"

Tarehe 17 Juni

Hatimaye Sayi mwenyewe, manju wa Wagalu. Amekuja na binti yake Nyanjige na kundi la waitikiaji. Ni mzee, amekonda, kila sentensi yake ina kikohozi katikati. Tumesalimiana vizuri, mwadila guku, mhola duhu, nikampa babu kiti. Hakukaa. Alikuwa anaitazama kompyuta.

"Masunga yumo humo?"

"Yumo, guku. Nimemrekodi juzijuzi."

"Basi mimi siingii."

Constantine akacheka. Yeye ni mtu wa kuja, Kisukuma hajui, kwa hiyo Nyanjige alikuwa anamtafsiria. "Mzee, hii ni mashine. Haina vyumba."

"Kama haina vyumba, Masunga amekaa wapi?"

Constantine akaitazama kompyuta upya. Nilifurahi, nakiri. Mzee akaeleza polepole kwamba dawa yake na ya Masunga zikilala nyumba moja, mmoja wao ataamka bubu, na yeye kwa kifua hiki hawezi kubahatisha. Akaanza kuokota fimbo yake. Waitikiaji nao wakaanza kuokota njuga.

Nikamwambia asubiri. Kweli ndani ya kompyuta folda zote za watumiaji ziko mahali pamoja, na Masunga amekaa humo. Lakini nje ya hapo kuna folda nyingine inaitwa mnt. Ni kama baraza: ukileta diski ya kutoka nje unaipachika pale, ukimaliza unaiondoa. Wakati huo ilikuwa tupu. Nikamwuliza kama atakubali barazani.

"Mlango wangu na wake ni tofauti?"

"Tofauti kabisa."

"Nitalala nje," akasema. "Nimelala nje na ng'ombe maisha yangu yote."

Nikamwomba ruhusa niweke jina lake tu ndani, kwenye orodha ya studio, njia ya mkato, ili nikibonyeza jina inipeleke nje alipo. Alikubali. "Jina langu Masunga analitaja kila siku," alisema. "Limeshazoea kukaa kinywa kibaya."

Basi akaimba. Sijui niandike nini. Kikohozi kilikaa kimya kama mtoto aliyekemewa. Wimbo ni mpya, ameutunga msimu huu, na ni mrefu. Una ukame uliotumalizia ng'ombe, una marehemu mkewe, mama yake Nyanjige, una mahali anasema: mwaka jana gari jekundu, mwaka huu gari la bluu, dereva yule yule. Una pia mstari wa Masunga: sauti yake ni ya ndama aliyekosa ziwa, analilia mama za wenzake. Waitikiaji waliitikia tu. Nilimwuliza Nyanjige kama anaijua mistari.

"Hapana dada. Sisi ni wa kuitikia. Mistari ni ya baba, akishaitoa mdomoni hairudii kwa mtu."

Tarehe 28 Juni

Nkoma, na pikapu. Sitaki kwenda tena.

Wakulima wamemwaga maji kwenye pamba ili iwe nzito, wengine mchanga. Inanuka kama nguo zilizosahaulika kwenye beseni. Mtu wa mzani wa Constantine naye analiinua jukwaa kwa chini kwa kidole gumba cha mguu, kumnyonya mkulima uzito. Kila mmoja anamjua mwenzake ni mwizi, na wanaitana ndugu. Yaani unasimama katikati unatafuta mtu wa kumwonea huruma unamkosa.

Niliweka CD ya Sayi. Nilikuwa nimechoma moja tu, ya kujaribia. Watu walikuja mbio, wakajaa, mpaka mzani wa jirani ukabaki na mbwa. Ulipofika mstari wa gari la bluu kikapasuka kicheko ambacho sijawahi kukisikia kituoni. Kina mama walishikana mabega. Mmoja akawa anapiga boneti ya pikapu letu kwa kiganja, hili, hili hili.

Constantine akaniuliza, "Wanacheka nini?"

"Wanamcheka Masunga," nikasema.

Lakini mpwa wake Joakim alikuwepo, na Joakim amekulia hapa. Akamnong'oneza. Constantine akapanda kwenye pikapu, akatoa CD, akaivunja kwa goti mbele ya watu wote, vipande akavitupa kwenye pamba. Kisha akatabasamu na kuwaambia karibuni wazee, mzani uko wazi. Hilo tabasamu ndilo lililonichafua roho. Njiani akaniagiza nifute mstari ule kwenye kompyuta kabla sijachoma CD nyingine. Nikamwambia mashine haiwezi kukata katikati ya wimbo. Inaweza.

Tarehe 3 Julai

Vumbi. Constantine anapiga Masunga tu vituoni sasa. Masunga amekuja kuuliza mbona hasikii wimbo wa Sayi, nani atajibu hewa.

Tarehe 9 Julai

Diski imeanza kulia. Ti-ki, ti-ki, kisha kimya kirefu, kisha ti-ki. Kila aliyewahi kutumia kompyuta anajua huo ni msiba. Nimemwambia Constantine tununue nyingine tuhamishe kila kitu kabla haijafa. Alitazama kompyuta kama mtu anayeuziwa ng'ombe mgonjwa, lakini ameagiza ya mtumba Mwanza.

Tarehe 15 Julai

Siku ya kuhama.

Diski imefika imefungwa kwenye gazeti lililonuka samaki. Umeme ulikuwepo tangu asubuhi. Nilimpigia Philomena, niliyesoma naye Mwanza, sasa anatengeneza kompyuta huko. Nimeandika maneno yake kama alivyosema, nisije nikasahau.

"Mina, unahamisha nyumba nzima, lakini si kila kilichomo. Ile proc na sys si vitu, ni kivuli cha mashine ikiwa macho. Ukikinakili utakwama njiani na kivuli. Folda ya tmp ni jaa la takataka, acha. Na mnt ndiko utakakoipachika hiyo diski mpya yenyewe. Ukiinakili na mnt, diski mpya itajimeza, itajimeza tena, mpaka ijae. Yaliyomo acha, lakini folda zenyewe zibebe zikiwa tupu. Bila hizo folda haitawaka."

Nikaandika hivi:

rsync -aH --exclude='/proc/*' --exclude='/sys/*' --exclude='/tmp/*' --exclude='/mnt/*' / /mnt/mpya/

Ile nyota ndiyo inayosema: acha yaliyomo, beba chombo.

Kulikuwa na kitu nilitaka kumwuliza Philomena kabla hajakata. Kilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Wakati huohuo Constantine akaja akaweka sahani ya dagaa wa mafuta juu ya kibodi, akaanza kula amesimama, anatafuna mdomo wazi, mafuta yanadondokea kwenye herufi. Nikamwambia ondoa. Akasema kibodi ni yake. Nikamwambia na mikono inayoigusa je? Joakim naye amesimama mlangoni, anauliza bado tu, bado tu, kwa sababu ameahidiwa diski ya zamani kwa ajili ya kituo cha Nkoma. Nilipopata nafasi ya kufikiri, Philomena alikuwa ameshakata na kile kitu kimenitoka.

Majina ya mafaili yalishuka kwenye kioo kama mchele unaopetwa. Yalipokwisha nikaweka kiwashio kwenye diski mpya, nikarekebisha pale panapotaja diski ipi ni ipi, nikafunga, nikawasha. Imewaka! Haitoi ti-ki. Nikamfungulia Masunga, akaimba mpaka magodoro yakatetemeka. Kwenye orodha nikaliona jina la Sayi, liko mahali pake. Umeme ukakatika. Nikasema haidhuru, jina nimeliona.

Nimemwambia Constantine diski ya zamani isiguswe mpaka msimu uishe. Nimemwambia kabisa kwa methali, usiache mbachao kwa msala upitao. Akasema methali haziwashi kompyuta ya Nkoma.

Tarehe 20 Julai

Nimekuta Joakim ameshaondoka na diski ya zamani. Hakumuaga mtu.

Tarehe 29 Julai

Vimbunga vya vumbi, kimoja kimeingia ndani na mfuko wa dukani na unyoya wa kuku. Nyanjige amepita kutoka duka la dawa. Baba yake hawezi kuimba tena, hata kuita mbwa hawezi. Amesema mzee akilala huwa anauliza, yule binti wa mashine ananilinda? Nimemwambia mwambie yuko salama.

Tarehe 6 Agosti

Ngoma ya leo imekuwa ya upande mmoja. Wagalu wamecheza bila manju, wanaitikia kitu ambacho hakuna aliyekitangulia. Ni aibu kutazama. Masunga ameshinda. Alikuja studio baadaye na uso umevimba kwa hasira.

"Watu wote wamekuja kwangu," akasema.

"Hongera, baba."

"Hongera ya nini? Ni sawa na kumshinda mtu aliyelala." Akatema kwenye godoro. Nilitaka kumpiga na kopo.

Tarehe 11 Agosti

Sayi amefariki asubuhi hii. Nyanjige ametuma mtu.

Tarehe 13 Agosti

Nimetoka mazikoni jana. Leo Nyanjige alikuja, kichwa kimefungwa kitambaa cheusi. Akasema ndugu na kundi zima wameketi. Siku ya kumaliza msiba wanataka wamchezee baba kwa wimbo wake wa mwisho. Wao wataitikia, na mistari ataitoa baba mwenyewe, kutoka kwenye mashine yangu. Hakuna mwingine mwenye nayo. Ndani yake kuna maneno aliyomwambia mama yao, na kuna wajukuu waliokuwa wadogo bibi yao alipofariki wanataka kuyasikia angalau mara moja.

"Weka nisikie kidogo, dada," akasema. "Halafu nitaondoka."

Nikabonyeza jina.

Hakuna kitu. Nikabonyeza tena. Kompyuta ikasema njia hii haifiki popote.

Nilielewa papo hapo. Sikuhitaji Philomena wala fundi mwingine. Nikafungua mnt kwa sababu mkono ulishaanza, na ilikuwa tupu, safi kama nilivyoagiza. Yaliyomo acha, beba chombo. Nilimweka mzee barazani kwa sababu aliniomba, nikasahau kwamba baraza ndilo tunaloliacha tunapohama.

Nikamwambia Nyanjige angoje. Nikapanda pikipiki hadi Nkoma, bila kofia, vumbi mdomoni. Joakim alikuwa amekaa kituoni, miguu juu ya meza, soksi zimetoboka, anacheza karata kwenye kompyuta. Alikuwa ameifuta ile diski akaweka mfumo mwingine wa CD ya kunakiliwa, na juu yake michezo, na juu ya michezo picha za wanawake. Nikasimama nyuma yake nikitazama zile karata zinavyolaliana. Chini yake alikuwa Sayi.

"Dada, mbona umejaa vumbi?" akaniuliza.

"Zima," nikasema.

"Ngoja nimalize huu."

Niliing'oa waya ukutani. Akanitukana, na mimi nikamtukana, tena kwa lugha zote mbili, mbele ya wakulima. Nimekuja na diski kwenye begi. Philomena amesema nimtumie, atajaribu, nisitegemee.

Constantine nilimkuta ofisini. Nikamweleza. Alikuwa ananawa mikono kwenye kile kikombe changu cha chai.

"Na ule mstari wa gari la bluu umekwenda pia?"

"Umekwenda wote."

"Basi Mungu amesaidia," akasema, akamwaga maji ya kikombe dirishani, akakirudisha mezani kwangu.

Nyanjige alikuwa bado amekaa studio. Nilimwambia mwenyewe, sikumtuma mtu. Hakulia. Alisema tu, "Ulisema yuko salama."

Tarehe 14 Agosti

Nimekitupa kikombe.

Tarehe 21 Agosti

Nakereka na kila kitu. Nakereka na harufu ya magodoro, na pamba kwenye nywele, na jinsi watu wa sokoni wanavyonipa pole huku wakitaka kujua zaidi. Nakereka na vidole vyangu ninapoviona kwenye kibodi. Ningeweza kusema ni dagaa, ningeweza kusema ni Joakim, na kweli wote wawili wananitia kinyaa. Lakini ile nyota niliiandika mimi.

Tarehe 30 Agosti

Philomena: amepata vipande. Kimoja ni kikohozi. Vingine ni kelele. Hakuna mstari hata mmoja uliokamilika.

Tarehe 2 Septemba

Nimempelekea Nyanjige kile kipande, nikidhani ni afadhali kuliko mikono mitupu. Amesikiliza kikohozi cha baba yake kwenye simu yangu, akanirudishia.

"Hiki tulikuwa nacho nyumbani," akasema.

Siku ya kumaliza msiba wameisogeza mbele mpaka mwisho wa mwezi. Hawakusema wanangoja nini.

Tarehe 9 Septemba

Mawingu yamekuja yakaondoka. Constantine anafungua kituo Nyashimo, amepaka pikapu rangi ya kijani.

Tarehe 16 Septemba

Nitaandika yote.

Masunga alikuja asubuhi. Nilimwona kupitia dirisha: alisimama nje, akatema ugoro wake chini kwenye mchanga, akafuta mdomo kwa upande wa shati, ndipo akaingia. Sijawahi kumwona akitema nje.

"Mwangaluka, mayu."

"Mwangaluka, baba."

"Nimesikia umempoteza adui yangu."

"Nimempoteza."

"Maisha yangu yote nimejaribu nikashindwa," akasema. "Wewe umeweza kwa kidole kimoja."

Nilidhani amekuja kunicheka, na nilikuwa nimeshaanza kumchukia upya. Akavuta kiti akakaa mbele ya kipaza sauti.

"Washa."

"Leo sirekodi, baba. Constantine yuko Nyashimo na sina maagizo."

"Sikuja kwa Constantine. Washa. Na umwite yule binti, aje na watu wa kuitikia. Mimi wangu hawawezi kuitikia kitu hiki."

"Kitu gani?"

Akanitazama kama mtu anayeongea na ng'ombe. "Cha kwake. Mwezi wa sita aliimba uwanjani mara ngapi? Mimi nilikuwa nimesimama wapi?"

Nikakumbuka amesimama mbele kabisa, mikono nyuma, na mimi nikamwita nzi.

Nyanjige alikuja kabla ya mchana na kundi lao. Walipomkuta Masunga kwenye kiti walisita mlangoni. Mzee mmoja wa Wagalu alisema hawezi kuitikia mdomo wa Mgika, akazunguka nyuma ya nyumba, akarudi, akasimama na wengine. Niliomba Mungu umeme usikatike. Haukukatika.

Masunga akaimba. Hakuimba kwa sauti yake. Kwa kumdhihaki Sayi miaka yote, alikuwa amejifunza kumwiga, kila pumzi yake, hata pale mzee alipokuwa akisita kidogo kabla ya kutaja jina la mkewe. Sasa hakuwa anadhihaki, lakini ile kazi yote ya dhihaka ilikuwa pale, imekamilika. Jina la mama lilipotajwa Nyanjige alijifunika uso kwa kanga lakini hakuacha kuitikia. Gari la bluu likaja, na dereva yule yule, na wote wakacheka huku wanalia, nami pia.

Kisha nikakumbuka mstari unaofuata. Nilimtazama. Nilisema moyoni, hapa ataruka, na mtu yeyote angeruka, nami sitamlaumu.

Hakuruka. Alinyanyua kidevu, akaufungua mdomo kuliko mahali pengine popote: Masunga, sauti yako ni ya ndama aliyekosa ziwa, unalilia mama za wenzako. Waitikiaji walisahau kuitikia. Ikabidi aurudie, na safari ya pili wakaitikia.

Alipomaliza jasho lilikuwa linamtiririka. Nilimletea maji kwenye kikombe kipya.

"Pale aliponitukana," akasema, "usikate."

"Sitakata."

"Ameutunga vizuri. Nilikuwa bado natafuta jibu."

Nikamwuliza Nyanjige niuweke wapi. Nilikuwa nimeamua mwenyewe: ndani, kwenye nyumba ya wote, salama, pamoja na nyimbo za Masunga. Sauti yenyewe ni ya Masunga. Nyanjige alifungua mdomo, lakini Masunga akamtangulia.

"Alisema alale wapi?"

"Nje, baba. Barazani. Alisema hataki nyumba moja na wewe."

"Basi, kufa kumembadilisha nini? Mweke nje alipotaka." Akaokota fimbo yake. Mlangoni akageuka. "Ila mkihama, mkumbuke kumwita."

Tarehe 17 Septemba

Nimeuweka wimbo mnt. Nimechoma CD na kumpa Nyanjige mkononi, akaiweka kifuani ndani ya kanga. Wamepanga siku yao, na Masunga amealikwa asimame mbele.

Kisha nimechukua kalamu nene ya kuandikia magunia, nikaandika juu ya kasha la kompyuta, mahali ambapo mtu yeyote atakayeihamisha lazima aweke mkono: HUMU KWENYE MNT ANAISHI MTU.

Constantine amerudi jioni na pikapu lake la kijani. Amesoma, akacheka, akataka kufuta kwa mate na kidole gumba. Wino wa magunia haufutiki.